Kofia Yenye Chuchu Sita

Jumatatu moja ya Juni, saa tatu asubuhi, Alister Cuthill aliingia karakanani akiwa na uongo katika mfuko wa kulia wa koti na barua katika mfuko wa kushoto. Uongo ulikuwa umechorwa kwa kalamu nene nyeusi kwenye karatasi iliyokunjwa mara mbili. Barua ilikuwa imepigwa chapa na mkewe, Ishbel, maana siku hizi kidole cha Alister kikishuka kwenye kitufe kimoja huinuka na herufi tatu, na mtu anayeacha kazi baada ya miaka thelathini na saba hapaswi kuandika "kwaaaheri".

Ndani ya uongo alikuwa ameficha karatasi nyingine, ya kweli. Hiyo tutaifikia.

Karakana hiyo iko Gore, mji mdogo wa wafuga kondoo, nyuma ya duka la matairi, na ina watu wanne. Greer Dunlop ndiye mwenye mali, mwenye simu na mwenye wasiwasi. Losa Faleafa ni mhandisi, mzaliwa wa mji wa Invercargill, mtoto wa wazazi wa Kisamoa. Akisema kitu hiki kitavunjika, bora usogee mbali nacho kabla hakijavunjika. Rawiri Te Au ndiye fundi. Mwonyeshe mchoro asubuhi, jioni atakuletea sampuli ya plastiki unayoweza kuikanyaga. Wa nne ni Alister, aliyewatangulia wote, hata birika la chai.

Ile ndoo ya kijani yenye chuchu sita, inayotundikwa uzioni ili wanakondoo waliofiwa na mama zao wanyonye, ni kazi ya Alister. Aliibuni mwaka 1991. Ingia shamba lolote kati ya Gore na bahari utaikuta, imepauka, imetafunwa na mbwa, na bado inanyonyesha. Sasa maduka ya wakulima yalikuwa yametaka ndoo mpya kabla ya msimu wa kuzaa wa mwaka unaofuata, na ndiyo iliyowakusanya asubuhi hiyo.

Kwa kuwa wako wanne tu, na kila mmoja hulipenda wazo lake kama mama anavyompenda mtoto mwenye makamasi, walikuwa wamejiwekea utaratibu. Losa aliulinda kama kiranja mkuu anavyolinda kengele ya shule. Kila mtu alichora wazo lake nyumbani, kwenye karatasi ya ukubwa mmoja, kwa kalamu ya aina moja, bila jina. Karatasi zilitiwa ndani ya bati la biskuti. Greer alizichomoa moja moja, akazipa herufi na kuzibandika ukutani. Kando yake palikuwa na jedwali kubwa: upande wa kushoto sifa saba zinazotakiwa, juu herufi za mawazo. Kisha kitu kimoja kinachojulikana na wote kilifanywa kipimo, na kila wazo likalinganishwa nacho, sifa baada ya sifa. Wazo likikishinda kipimo, hupata jumlisha. Likishindwa, kutoa. Likilingana nacho, duara. Hakuna kupiga kura wala kusema "mimi naipenda tu". Anayetaka alama hutoa sababu, na mwenye wazo hufunga mdomo.

Ulikuwa utaratibu wa haki kabisa. Ulikuwa na tundu moja tu, nalo lilikuwa mkono wa kulia wa Alister.

Mkono huo ulianza kutetemeka majira mawili ya baridi yaliyopita. Daktari alikuwa na jina refu la hali hiyo. Alister na Ishbel waliiita Mpangaji, kwa kuwa ilihamia bila kukaribishwa na haikuonyesha dalili ya kufunga mizigo. Tangu hapo mistari ya Alister ilijikunja kama uzi wa sweta iliyofumuliwa. Karatasi zake hazikuwa na jina, lakini hata mbwa wa Rawiri angeweza kusema ni za nani.

Mwezi wa Februari walikuwa wakitafuta komeo jipya la lango la zizi. Wazo la Alister lilipata jumlisha mpaka jedwali likafanana na makaburi ya wamisionari. Rawiri alitengeneza sampuli, Greer aliisifu, wote wakala keki. Halafu Aprili, Alister akitafuta bisibisi chini ya meza, aliikuta sampuli yake ndani ya boksi, buibui keshajenga humo na kuzaa. Komeo lililokuwa limepelekwa kwa mteja lilikuwa la Losa. Walitengeneza mawili: moja la kuuza, moja la kumfurahisha mzee.

Alilirudisha boksi mahali pake bila kelele. Jioni alimweleza Ishbel, naye akaacha kumenya viazi.

"Kunishinda, sawa," alimwambia. "Lakini kunibembeleza kama mtoto aliyeanguka katika mashindano ya mbio, hapana."

Ishbel alimuuliza ana hakika gani kwamba wanambembeleza. Huenda mteja alibadili mawazo. Alister akakiri kwamba hana hakika. Ndipo yalipomrudia mafunzo yake ya ujana. Alikuwa amesoma shule ya bweni, na akiwa na miaka kumi na mitano aliwahi kumwingiza kondoo dume katika bafu la mwalimu wa nidhamu, na taulo shingoni, kisha akatoa ushahidi kwa siku tatu kwa uso wa mfiwa. Elimu nyingine zote alizopata huko zilikuwa zimefifia. Hiyo ilikuwa imebaki nzima.

Kwa hiyo alichora kofia.

Ilikuwa kofia ya plastiki ya mtoto, juu ina tangi la maziwa, na ukingoni pembeni pote ina chuchu sita. Mtoto aivae, apige magoti zizini, wanakondoo wamzunguke wanyonye. Ndilo wazo la kipumbavu kuliko yote aliyowahi kuyawaza, na alikuwa ameyawaza mengi. Alipolichora alimwachia Mpangaji kalamu kabisa. Mistari ikatoka imelewa.

Wazo la kweli alilichora Jumapili baada ya chakula cha mchana. Ishbel alivuta kiti karibu, akaweka kiganja chake juu ya kifundo cha mkono wa mumewe na kukigandamiza mezani, naye Alister akavuta mstari mfupi, wakapumua, wakavuta mwingine. Ishbel alikuwa akitazama raga kwenye televisheni kwa wakati huohuo. Timu yake ilipofunga alirusha mikono juu, na ndoo ikaota mkia. Walianza upya. Timu yake siku hiyo ilifunga mara tatu, na kwa sababu hiyo karatasi iliyofaa ilikuwa ya nne. Walipomaliza Ishbel hakuondoa kiganja mara moja, na Alister hakumkumbusha.

Alikuwa amefunga mkataba na nafsi yake. Kofia ikipata inachostahili, yaani kipigo, atairarua barua na kuendelea na kazi hata kama wazo lake la kweli litashika mkia. Kofia ikibembelezwa, ataiweka barua mezani na kurudi nyumbani kabla ya chai ya saa nne.

Greer aliwasha hita, akatoa mikate ya kukunjwa yenye jibini, ambayo bila hiyo hakuna kikao halali katika jimbo lao la Southland, na kufungua bati. Zilitoka karatasi tano. Watu wanne, karatasi tano. Kila mmoja alidhani mwenzake alikuwa na bidii. Ndoo ya kijani ilitundikwa juu ya jedwali kuwa kipimo. A, B, C na D zilibandikwa bila neno. Greer alipoifunua E, chumba kilinyamaza kama watu waliofika msibani na kukuta hawajui dini ya marehemu.

Alister aliuma mkate na kutazama dirishani.

Walianza. A ilipata alama za kawaida, C vilevile. D ilikuwa ndoo bapa ya kushikilia uzio kwa ndoano mbili, na ilipata jumlisha nne na kutoa moja. Halafu Losa akaifikia B, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeona kosa katika risiti.

B ilikuwa ndoo yenye mdomo mpana kama beseni, inayokaa chini uzioni ili ijazwe hapohapo bila kuinuliwa. Rawiri aliitetea: mtu mwenye glavu, au mtoto, au yeyote ambaye saa kumi na moja asubuhi hajaamka vizuri, ataimiminia maziwa bila kuyamwaga kwenye gambuti zake. Akataka jumlisha ya kujaza, ya kusafisha na ya matumizi ya watoto, na akapewa zote tatu. Losa akasema sawa, na sasa tuje kwenye bei ya kalibu, lile umbo la chuma linalomiminiwa plastiki.

"Huyu aliyechora B," alisema bila kumtazama yeyote, "hajawahi kuagiza kalibu maishani mwake. Mdomo huu utajipinda ukipoa. Ukijipinda, mfuniko haufungi. Mfuniko usipofunga, nzi ndio watakaonyonya. Kutoa."

Akaongeza kutoa nyingine kwa kuwa ndoo hiyo haipangiki dukani. B ikabaki na jumlisha tatu, kutoa mbili na duara mbili.

Alister, aliyekuwa ameagiza makalibu kabla Losa hajaota meno, alitafuna polepole ili tabasamu lisitoke na makombo. Ilikuwa miaka miwili tangu mtu alikosoe wazo lake kwa ukali namna hiyo. Alitamani amwombe arudie.

Ikaja zamu ya E.

Rawiri alikohoa. Greer alisema ni wazo lenye ujasiri. Rawiri akasema kwamba, ukitazama kwa makini, mtoto aliyevaa kofia hii hawezi kuisahau shambani, na hiyo si haba, kwa hiyo jumlisha ya watoto. Greer akasema haihitaji uzio hata kidogo, kwa hiyo kwenye sifa ya kutundikwa inaishinda ndoo, jumlisha. Akaendelea kwamba dukani zitapangwa kofia juu ya kofia, jumlisha. Kwenye sifa ya chuchu kutong'oka walikubaliana kutoa, kwa sauti za watu wanaoomba radhi. Walikuwa wakisema yote hayo kwa nyuso nzito, wakimtupia Alister jicho na kukwepa, kama wanafunzi wanaojua daftari lililopotea liko wapi.

Bado alikuwa na tumaini moja. Kujaza na kusafisha zilipewa duara; ilibaki bei ya kalibu, na hiyo ni sifa ya Losa.

Losa aliitazama kofia kwa muda mrefu. Aliizungusha kalamu vidoleni. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake, akasema, "Kalibu yake ni ndogo. Jumlisha."

Akaiandika. E ikawa na jumlisha nne na kutoa moja, bega kwa bega na D.

Alister alisogeza sahani. Alitoa barua mfuko wa kushoto, na kwa kuwa Mpangaji naye alitaka kuiona, iligonga meza mara kadhaa kabla ya kutulia. Greer aliisoma. Rangi ikamtoka, akampa Rawiri, naye akampa Losa.

"Koro," Rawiri alisema, kwa kuwa ndivyo anavyomwita, kama angemwita babu yake. "Kwa nini leo? Wazo lako limefika juu kabisa."

"Ni kofia, Rawiri," alisema Alister. "Mtoto wa miaka saba anapiga magoti katikati ya wanakondoo sita wenye njaa, na chuchu zimemzunguka kichwa. Mmeipa jumlisha nne. Wangemnyonya masikio."

Alister aliinyooshea E kidole.

"Niliichora ili nijue. Na komeo langu nimelikuta kwenye boksi, tangu Aprili. Buibui wangu hawajambo, nashukuru."

Greer alianza kusema kitu kuhusu nia njema, akaishia katikati. Rawiri alijifunika uso kwa kofia yake mwenyewe, kofia ya sufu isiyo na chuchu. Alister aliwaambia kwamba hakuja kugombana. Amefanya kazi na watu wema, tatizo ni wema wenyewe. Kisha akavaa koti, na kwa kuwa hakutaka kuondoka na deni la ukweli, akasema:

"Na B pia ni yangu."

Losa aligeuka. "B?"

"Hiyo hiyo."

"Mistari ya B imenyooka."

"Ishbel aliushika mkono wangu. Mchana kutwa."

Losa aliitazama B, akaitazama E, akamtazama Alister. Wote walingoja aombe radhi. Badala yake alikasirika. Alisema amepotezewa asubuhi nzima, amefanywa aandike uongo kwa mkono wake kwenye jedwali lake, na kwamba mzee mzima aliyeingiza mzaha ndani ya bati angekuwa mtoto wake angekula viboko. Alister alikubali kwamba viboko vingekuwa halali. Kisha Losa akasema kwa upole zaidi kwamba ile Februari alimwona akinywa chai kwa kushika kikombe kwa mikono miwili, na hakujua la kufanya, na jumlisha ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho karibu.

"Ukinipa kutoa najua bado niko kazini," Alister alisema. "Ukinipa ile nyingine nahisi nimeshazikwa, mnapita na maua."

Losa aliinuka. Akaipeleka barua ukutani, akaibandika kando ya E na kuandika F juu yake.

"Keti," alisema. "Huondoki kwa wazo ambalo halijapimwa."

Alister alisema barua si wazo. Losa alimkumbusha kwamba mwenye wazo hufunga mdomo. Akachora jedwali jipya, saba kwa moja. Kipimo, aliandika juu: Alister yupo. Kila mtu angetaja sifa, na kila alama ingekuwa na sababu, na atakayetoa alama ya huruma ataosha vyombo mpaka Krismasi.

Greer alitaja kuwajua wakulima. Akasema wanapiga simu na kumwomba Alister, yeye wanamwachia tu ujumbe. Kutoa. Rawiri alitaja kukumbuka makosa ya zamani: zile chuchu zilizoyeyuka kwenye maziwa ya moto hakuna mwingine anayejua ziliyeyukaje. Kutoa. Halafu Greer, huku akiona haya, alitaja nafasi ya kuegesha magari, kwa kuwa Alister huegesha lake juu ya nafasi mbili. Jumlisha. Rawiri akapata nguvu na kutaja utulivu baada ya chakula cha mchana, maana kuna mtu hukoroma mpaka bisibisi zinatembea mezani. Jumlisha. Alister alifungua mdomo; Losa alinyoosha kalamu kumwelekea; akaufunga.

"Kasi ya kuchora," alisema Losa.

Hita ilinguruma. Rawiri alitazama viatu.

"Mchoro aliokuwa akiutoa kwa saa moja sasa humchukua siku," Losa alisema. "Akiondoka, michoro itatoka haraka zaidi." Akaandika jumlisha, akaikoleza, kisha akageuka na kumtazama Alister usoni bila kukwepa.

Alister alimtazama naye. Ilimuuma, tena mahali palepale alipotarajia. Akatikisa kichwa kukubali.

Sifa ya sita Losa aliitaja mwenyewe pia: nani humu huthubutu kumwambia Losa amekosea. Rawiri na Greer walijibu kutoa kwa pamoja, kabla hajamaliza. Sasa barua ilikuwa na jumlisha tatu na kutoa tatu, na imebaki sifa moja.

Losa aliandika jina lake tu, "Losa", na mbele yake kutoa.

Rawiri, ambaye hupenda sheria inapomkamata mwingine, alidai sababu. Losa alisema sababu anayo. Rawiri akasema utaratibu unataka itajwe.

"Nitaitaja siku nyingine," Losa alisema. "Sitaki kulia nikiwa na jibini mdomoni."

Greer alihesabu kwa kidole, ingawa kila mtu alikuwa ameshahesabu. Barua ilikuwa imeshindwa kwa alama moja. Alister aliuliza iwapo alama isiyo na sababu ni halali. Walijadiliana kwa uzito wote wa mahakama, na Rawiri akatoa hukumu kwamba ni halali, ila Losa ataosha vyombo mpaka Krismasi.

Alister alivua koti.

Kofia ilipimwa upya, safari hii kama adui. Ilipata kutoa sita. Greer alitaka kuifuta hata ile jumlisha ya kupangwa dukani, lakini Losa akakataa; kofia hupangana vizuri, alisema, na ukweli ni ukweli hata kichwani pa mpumbavu. Alister alifurahi kama mtu aliyepewa cheti. Kisha akaigeukia B na kudai kutoa ya kalibu iondolewe, kwani mdomo ukiongezewa ukingo mnene hautajipinda. Losa alisema ukingo mnene ndio utakaochelewa kupoa. Alister alisema haukuchelewa mwaka 1991. Losa alisema mwaka 1991 yeye alikuwa bado hajazaliwa na plastiki ilikuwa tofauti. Kutoa ilibaki palepale, na hakuna aliyeomba radhi.

Walichokubaliana ni kuuhamishia mdomo wa B kwenye ndoo ya Rawiri, ile D, na kuona kama mwili bapa utauzuia kujipinda. Mtu alihitajika kuchora. Greer aliangalia simu yake. Rawiri alikumbuka kwamba ana kazi kwenye mashine.

Alister alivuta karatasi safi. Losa aliketi kando yake na kikombe cha chai, mikono yote miwili kwake mwenyewe, wala hakujitolea kushika kitu. Kalamu ilishuka. Mpangaji aliamka. Mstari ulianza vizuri, ukayumba, ukapanda mlima mdogo ambao haukuwa kwenye mpango.

"Huu unakwenda wapi?" Losa aliuliza.

"Hata mimi nangoja kuona," alisema Alister, akaendelea kuchora.